Kitanda Hakikutumika

Ijumaa alasiri, wakiwa bado ndani ya lifti ya hoteli, Mkaguzi alimkabidhi mkewe ratiba. Alikuwa ameichapa ofisini, kurasa mbili zilizobanwa kwa pini, kila jambo na dakika zake: kuoga dakika ishirini kwa watu wawili, chai dakika thelathini, mnara wa saa, bustani, daraja la chuma, makumbusho ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila siku ilipewa dakika kumi na tano za dharura. Mkewe aliikunja mara nne, akaitia mkobani pamoja na futi kamba yake ya kushonea, akauliza kukohoa kumepangwa saa ngapi.

"Kohoa sasa hivi," Mkaguzi alisema. "Hatujafika ghorofa yetu."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiongea kwa miaka mingi, na wala hawakuona kama ni ugomvi.

Mkaguzi alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani, kuweka mfuko juu ya mizani yake mwenyewe na kuangalia kama kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichomo. Aliwahi kufunga kiwanda cha mikate kwa sababu ya gramu kumi na mbili. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, anashonea nyumbani, na mapazia ya nusu ya ofisi za mji wao yalipita mikononi mwake. Watu walimwita Fundi. Wanawake wa umri wake huitwa kwa majina ya watoto wao, naye hakuwa na mtoto wa kuitiwa. Mgeni akiuliza, "Huyu ni Mama nani?" Mkaguzi aliwahi kujibu kabla yake: "Fundi tu." Yeye naye alimwita mumewe Mkaguzi, zamani kwa utani, siku hizi kwa sababu jina lingine halimjii mdomoni.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Ofisi ilimchagua Mkaguzi kuwa Mtumishi Mwadilifu, ikampa cheti chenye utepe na usiku mbili za hoteli kwa watu wawili katika jiji kubwa. Siku ya sherehe Mkurugenzi alisimama akasoma sababu. Katika miaka ishirini, alisema, gari la ofisi alilokabidhiwa mtumishi huyu halijawahi kubeba hata mfuko wa sukari wa nyumbani kwake. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Fundi, aliyekaa mstari wa pili, alipiga makofi matatu, kisha akaikalia mikono yake.

Jumamosi asubuhi walipanda mnara wa saa. Kibao cha mlangoni kilisema ngazi ni mia tatu na kumi na mbili. Mkaguzi alihesabu mia tatu na tisa, akashuka kuhakikisha, akapanda tena. Huko juu upepo ulikuwa mkali na jiji lote lilikuwa wazi chini yao, mapaa, reli, mto uliopinda mara mbili. Fundi aliliangalia peke yake. Mumewe alipofika alikuwa anatafuta mtu wa kumlalamikia.

"Tumekuja kutembea au kufunga mnara?" Fundi aliuliza.

"Kibao kinadanganya watu."

"Ngazi tatu."

"Uongo ni uongo, hata wa ngazi moja," Mkaguzi alisema, na alimaanisha.

Makumbusho ya kwanza yalikuwa ya mawe na mifupa. Waliyapita kwa dakika hamsini, kila mmoja upande wake wa ukumbi. Makumbusho ya pili yalikuwa yamefungwa, yanapakwa rangi. Mkaguzi alisimama mbele ya mlango uliofungwa akautazama kama mwenye duka aliyekataa kufungua. Jengo lililofuata lilikuwa na kibao kidogo cha shaba: MAKUMBUSHO YA VITU VYA NYUMBANI. WANANDOA TU. Halikuwa kwenye ratiba. Mkaguzi alitoa zile dakika kumi na tano za dharura, kwa uchungu, wakaingia.

Mwuza tiketi hakuwauliza walikotoka. Aliuliza namba ya cheti chao cha ndoa. Mkaguzi aliitaja kwa kichwa.

"Chumba cha kumi na nne," mwuza tiketi alisema, "kabati la tatu kushoto. Kitu kikubwa kipo dirishani. Msiegemee vioo."

Chumbani mlikuwa na makabati ya kioo kuta zote na watu wawili wawili mbele yake. Mzee mmoja na mkewe walitazama viatu vya kuchezea dansi. Karibu na mlango, mwanamke alikuwa akimpiga mumewe kwa mkoba, polepole, bila chuki kubwa, huku mume akisoma. Mlinzi wa chumba, mama mnene aliyevaa sweta la buluu, alikaa kwenye kiti cha plastiki akifuma soksi.

Kabati la tatu lilikuwa lao. Mwavuli mweusi ulikuwamo, na lebo yake: *Mwavuli. Wewe ndiye uliyeusahau.* Viatu vyekundu vya Fundi, vya mwaka wa kwanza wa ndoa: *Viatu. Havikufai, una miguu mipana.* Picha ya kaka yake Fundi akiwa na suti ya kuazima: *Shemeji. Hana shukrani.* Pia redio ndogo isiyo na kitufe, birika, na shati la Mkaguzi lenye alama ya pasi mgongoni.

"Nilidhani umemgawia dada yako redio," Fundi alisema.

"Nilidhani umeivunja ukaificha."

Mlinzi alihesabu vishono vyake hadi mwisho wa mstari, kisha akawaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Kitu ambacho mume na mke wameacha kukizungumzia kwa miaka saba huja hapa chenyewe. Wao hawavifuati. Wanavikuta mlangoni asubuhi, wanavifuta vumbi, wanavipeleka chumba chake.

"Na lebo anaandika nani?" Mkaguzi aliuliza, kwa kuwa hilo lilihusu kazi yake.

"Haandiki mtu. Ni neno la mwisho alilolisema mmoja na mwenzake akanyamaza. Kwetu sisi, kunyamaza ni kukubali."

Mkaguzi alitikisa kichwa kuridhika. Aliona ni utaratibu mzuri.

Fundi alikuwa ameshafika dirishani. Kwenye jukwaa la mbao, nyuma ya kamba, kulikuwa na kitanda cha mtoto, cheupe, chenye magurudumu manne, moja limelegea. Foronya ya godoro ilikuwa ya manjano. Aliishona mwenyewe kwa mabaki ya mapazia ya ukumbi wa shule, akiwa na mimba ya miezi tisa, tumbo likimweka mbali na cherehani, na kwa hiyo pembe moja ilikwenda upande. Aliiona pembe ile kabla hajaona lebo.

*Kitanda cha mtoto. Hakikutumika.*

Alikumbuka neno hilo lilisemwa lini. Wifi yake alikuwa amekuja kuwatembelea, akauliza kile kitanda kilichokaa bure stoo si wampe yeye. "Hakikutumika," Mkaguzi alisema, "lakini hakitoki." Fundi alikuwa anaosha vyombo, mgongo umewaelekea. Alisuuza sufuria, akaifunika, akachukua nyingine. Miaka saba baadaye kitanda kilitoweka stoo. Alifikiri mumewe amempa wifi kwa siri. Mumewe alifikiri yeye amekichoma. Hakuna aliyeuliza.

Kitanda kilitumika siku kumi na moja. Walikuwa wamehamia kituo kipya cha kazi wiki tatu tu nyuma, hawana jirani wanayemjua, hawana ndugu wa karibu. Mtoto alikuwa wa kike. Siku ya kumi na moja, Jumapili, jua limeshatoka vizuri, alianza kuchemka na kukataa ziwa. Mkaguzi aliweka kiganja juu ya kichwa chake akasema ni joto kidogo tu. Baada ya saa moja hakusema tena hivyo. Gari la ofisi lilikuwa nje, limejaa mafuta, ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Fundi aliuchukua ufunguo akampa. Mkaguzi aliurudisha kwenye msumari. Gari la ofisi, alisema, haliruhusiwi kubeba familia. Akavaa viatu, akatoka kwa miguu kutafuta teksi, na alitafuta kweli, alikimbia, alirudi na teksi baada ya saa mbili na shati limelowa. Dereva ndiye aliyemtazama mtoto, akamwambia kwamba hakuna haja tena.

Jioni ile Mkaguzi alimpigia mama yake simu, akamwambia mtoto alizaliwa hana pumzi. Kwa sababu mtoto aliyekaa siku kumi na moja ana maswali yake, na swali la kwanza ni gari.

"Lebo hii si kweli," Fundi alimwambia mlinzi. "Kilitumika siku kumi na moja."

Mlinzi hakushangaa. Alisema yeye mwenyewe aliona kuna kitu hakijakaa sawa, maana godoro lina joto. Dirisha hili huingia ukungu kila asubuhi, mengine ya chumba ni makavu. Fundi wa viyoyozi amekuja mara mbili, akasema mashine zote ni nzima, joto linatoka kitandani. Wameliandika kwenye daftari la hali ya vitu. Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu cha nyuzi, akatoa fomu.

"Kurekebisha lebo ni rahisi. Mnasema neno sahihi mbele yangu, mume na mke, mnatia sahihi. Kesho asubuhi lebo inabadilika yenyewe. Na mkitaka, kitanda mnarudi nacho."

Fundi aliandika: *Kilitumika siku kumi na moja.* Akatia sahihi yake. Akamnyooshea mumewe kalamu.

Mkaguzi aliangalia saa. "Dakika za dharura zimekwisha."

"Sema tu. Mimi sikudai kitu kingine. Hata gari usilitaje."

"Tusiharibu safari."

"Siku kumi na moja, Mkaguzi. Sema namba tu. Si unapenda namba?"

Mkaguzi aliiacha kalamu hewani. Wale wazee wa viatu vya dansi waligeuka kuwatazama, kisha wakarudi kwenye kabati lao. Mlinzi aliiondoa kamba, kwa kuwa wenye kitu wanaruhusiwa kukaribia. Katikati ya godoro palikuwa pamebonyea, padogo, juu pakiwa na duara la kichwa na chini alama mbili za visigino. Fundi alitoa futi kamba mkobani, akapima kutoka duara hadi visigino.

"Hamsini na moja," alisema. "Kadi ya kliniki ilisema hamsini na moja."

Mkaguzi aliichukua futi kamba ile, akaivuta kwa vidole viwili. "Ya kitambaa. Imeshavutika hii. Haina muhuri, haikubaliki popote."

Kisha, kwa kuwa hakuwahi kuuona mbonyeo akaupita bila kuupima, alitoa mfukoni tepu yake ya chuma, yenye muhuri wa serikali, akainama juu ya kitanda. Alipima mara mbili kama ilivyo desturi ya ofisi yao. Joto lilimpanda usoni, miwani ikaingia ukungu, akaifuta, akasoma tena.

"Hamsini na moja kamili," alisema.

Mlinzi alishika kalamu. "Hamsini na moja ya nini?"

Fundi alimtazama mumewe mdomoni. Hakuwa amemtazama hapo kwa muda mrefu.

"Ya shimo," Mkaguzi alisema. "Sponji duni hubonyea yenyewe ikikaa."

Akakunja tepu, akaandika kipimo kwenye daftari lake dogo, tarehe na saa, akasema makumbusho ya tatu yanafungwa saa kumi na moja. Fundi alimchukia wakati ule kwa chuki safi, isiyo na kelele. Alitembea nyuma yake hadi makumbusho ya tatu, ambayo yalikuwa ya taa, akaziona taa zote.

Jumapili ilikuwa zamu ya bustani na daraja la chuma. Fundi alimwambia mumewe aende peke yake akapime hizo nondo. Yeye alirudi chumba cha kumi na nne. Mlinzi alikuwa ameshafika kwenye kisigino cha soksi ya pili. Lebo ilikuwa vilevile.

"Nikisema mimi tu?"

"Sema. Nitasikia. Lakini ya mmoja haihesabiki."

Fundi alisema. Mlinzi alisikia. Kisha Fundi akaomba aishone upya ile pembe ya foronya iliyokwenda upande. Uzi na sindano alikuwa navyo, ni kazi ya dakika tano. Mlinzi alikataa kwa upole. Kitu chenyewe hakiguswi, alisema, kinachorekebishwa ni lebo tu. Fundi aliona huo ni upumbavu na akamwambia hivyo. Mlinzi alikubali kwamba wengi wamemwambia.

Basi aliweka kiganja pale kwenye duara, akasimama hivyo hadi saa ya kuondoka. Kiganja kilitoka na joto na joto halikuisha. Basini, njia ya kurudi, mkono wake uligusa wa mumewe, mume akausogeza wake.

"Una homa?"

"Ni joto kidogo tu," Fundi alisema.

Mkaguzi aligeukia dirishani. Alikaa hivyo hadi mji wao, saa nne nzima, na mara moja alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba dereva amechelewa dakika sita.

Wiki mbili baadaye Mkurugenzi na mkewe walikuja kula chakula cha mchana na kutazama picha. Cheti kilikuwa ukutani, kwenye fremu, mahali palipokuwa na msumari tangu zamani. Mkaguzi alisimulia mnara na ngazi zake tatu, Mkurugenzi akacheka hadi akapaliwa.

"Na lebo za makumbusho je? Maana wewe!"

"Nilizikagua," Mkaguzi alisema. "Sikuona kosa."

Fundi alikuwa jikoni, mgongo umewaelekea, ana sufuria mkononi. Aliiweka chini bila kuifunika. Alipoingia na bakuli la mchuzi, mke wa Mkurugenzi alimsogezea nafasi mezani.

"Ahsante, Mama... samahani, dada yangu, sijui wewe ni Mama nani."

"Fundi tu," Mkaguzi alisema.

Fundi alitaja jina. Lilikuwa jina fupi, la mtoto wa kike, na lilikuwa halijasemwa ndani ya nyumba ile kwa miaka kumi na sita. Mke wa Mkurugenzi alisema ni jina zuri, akauliza huyo binti yuko wapi, shule ya bweni?

"Mchuzi unapoa," Mkaguzi alisema.

"Alikaa siku kumi na moja," Fundi alisema. "Akashikwa na homa. Gari la ofisi lilikuwa hapo nje, na ufunguo ulikuwa kwenye msumari."

Mke wa Mkurugenzi aliweka kijiko chini. Mkurugenzi alikitazama cheti, akamtazama Mkaguzi, akamtazama Fundi, akarudi kwenye sahani. Alitafuna kilichokuwa mdomoni hadi kikaisha. Kisha akasema mapazia ya sebule hii yameshonwa vizuri mno, na kwamba ukumbi wa mikutano wa ofisi unahitaji mapya; je, Fundi angeweza kupita wiki ijayo kuchukua vipimo?

Fundi alisema angeweza. Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka mapema.

Mwezi ulipoisha ilikuja kadi kutoka makumbusho, kama zinavyokuja sasa kila mwezi. Ilikuwa kadi ngumu, nyeupe, iliyoandikwa kwa mkono. *Kitanda: hali njema. Godoro: lina joto. Lebo: kama ilivyo.* Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mmoja wa wanandoa, kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi, na ombi kwamba kadi irudishwe kwa posta.

Fundi aliisoma akaiacha mezani. Mkaguzi aliichukua, akaisoma mara mbili, akaona haina kosa. Akatia sahihi na tarehe. Kisha akavaa viatu akaenda posta kwa miguu, kwa kuwa gari lililokuwa nje lilikuwa la ofisi.